Miezi Sita Kabla ya Nanyuki

Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alipofariki Oktoba 2025, picha moja ya zamani ilirudi kwa kasi kwenye simu za vijana. Mtoto wa sokwe amenyoosha mkono, na mbele yake amechuchumaa mwanamke kijana kutoka Uingereza, naye kanyoosha wa kwake, vidole vinakaribia kugusana. Ilipigwa Gombe, mkoani Kigoma, miaka ya sitini. Mimi nilikua naiona ukutani, kwenye darasa tulilofanyia mikutano ya klabu ya Roots & Shoots, mpango ambao Goodall aliuanzisha Dar es Salaam mwaka 1991 pamoja na kundi dogo la wanafunzi wa sekondari. Naijua nguvu ya picha ile. Ilinipeleka kusomea wanyamapori, kisha ikanivusha mpaka.

Wiki chache baada ya msiba, vijana niliowafundisha biolojia sekondari, ambao sasa wako vyuoni, walianza kunitafuta. Wanataka kwenda nje ya nchi kujitolea kwenye vituo vya wanyama wakati wa likizo ndefu, na wanahitaji barua kutoka kwa mtu anayewafahamu. Barua kama hizo naziandika kwa furaha. Lakini mmoja aliniletea tangazo lililonikosesha usingizi. Lilikuwa la shamba la simba Afrika Kusini. Kwenye picha, msichana wa rika lake amempakata mtoto wa simba, anamnywesha maziwa kwa chupa. Fomu iliuliza mambo machache: jina, namba ya pasipoti, saizi ya fulana, namna ya kulipa.

"Madam, wanasema nafasi ni chache, nilipie wiki hii," aliniambia. "Na hawahitaji uzoefu wowote."

Niliirudia ile fomu mwanzo hadi mwisho nikitafuta swali hata moja kuhusu afya yake. Halikuwamo. Nikamwambia aketi, maana nilikuwa na mengi ya kumsimulia.

Novemba 2009 nilikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Nilikuwa nimeomba kwenda kujitolea kwenye hifadhi ya sokwe ya Sweetwaters, ndani ya Ol Pejeta, Laikipia, karibu na mji wa Nanyuki nchini Kenya. Kenya haina sokwe wa porini. Kituo kile kilifunguliwa mwaka 1993 kwa makubaliano ya Ol Pejeta, Shirika la Wanyamapori la Kenya na taasisi ya Jane Goodall, ili kuwapokea sokwe yatima waliokuwa wakilelewa Bujumbura, ambako vita vilikuwa vimeanza. Hao walikuwa wakimbizi kabisa, wala situmii neno hilo kwa kupamba. Walivushwa mipaka kwa sababu ile ile iliyowavusha watu.

Jibu la kunikubali lilikuja na orodha, na sehemu kubwa ya orodha ilihusu mwili wangu. Walitaka uthibitisho wa chanjo ya homa ya ini, surua, polio, pepopunda na homa ya manjano. Walitaka kipimo cha kifua kikuu. Walitaka barua ya daktari. Nilitarajia kuulizwa kama nawapenda wanyama na nilikuwa nimeandaa jibu refu. Hakuna aliyeniuliza.

Muuguzi wa kliniki ya chanjo, mama mmoja wa makamo, aliisoma karatasi yangu kisha akahesabu miezi kwa vidole. Chanjo ya homa ya ini B, akaeleza, ni sindano tatu: ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza.

"Unasafiri lini, mwanangu?"

Nikamwambia katikati ya Juni.

"Basi umekuja kwa wakati. Ungekuja Machi ningekurudisha nyumbani."

Niliondoka pale na kadi yenye tarehe, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba safari yangu ilikuwa imekwisha kuanza. Hesabu ile ya miezi sita ilinitengenezea subira ambayo nisingeipata kwingine. Kila niliporudi kwa sindano niliulizwa naenda wapi na kufanya nini, na kila mara jibu langu lilikuwa limekomaa kidogo. Mwanzoni nilisema naenda kuishi na sokwe. Kufikia sindano ya tatu nilikuwa nasema naenda kusaidia watu wanaowatunza sokwe.

Chanjo ya homa ya manjano ndiyo iliyonionyesha jambo jingine. Hutolewa mara moja, na lazima upite muda wa siku 10 kabla ya kuvuka mpaka. Miaka ile cheti chake kilidumu miaka 10; tangu Julai 2016 ni cha maisha. Rafiki yangu wa bwenini alinishauri ninunue kile kijitabu cha njano kutoka kwa mtu wa stendi, kigongwe muhuri, nisihangaike na sindano. Alisema kwa nia njema, na alikuwa anataja jambo ambalo wasafiri wengi wamelifanya. Lakini mimi nilikuwa naenda kusimama mbele ya kiumbe anayeambukizwa na pumzi yangu. Ofisa wa mpakani angeweza kudanganywa na muhuri, akaugonga wa kwake, mambo yakaishia hapo. Virusi havisomi karatasi.

Kipimo cha kifua kikuu kiliniletea wasiwasi mkubwa. Walinidunga dawa kidogo chini ya ngozi ya mkono, nikaambiwa nirudi baada ya siku mbili au tatu kusomwa. Nilirudi mkono umevimba na kuwa mwekundu. Usiku ule sikulala. Nilijiona tayari mgonjwa, na safari imekufa. Daktari alinituliza kesho yake. Alinionyesha kovu la chanjo ya BCG kwenye bega langu, lile ambalo karibu sote tuliozaliwa huku tunalo, akasema chanjo hiyo ya utotoni peke yake inaweza kuufanya mkono uvimbe. Isitoshe, katika nchi yenye kifua kikuu kingi kama yetu, watu wengi wamekutana na vijidudu vyake bila kuugua. Akanipeleka kupiga picha ya eksirei ya kifua. Kifua kilikuwa safi, akaniandikia barua kueleza yote hayo.

Naisimulia habari hii kwa urefu kila mara, kwa sababu miongozo mingi ya kujitolea imeandikwa kwa ajili ya vijana wa Ulaya na Marekani. Inamwambia msomaji ajikinge na Afrika. Kijana wa Tabora au Mtwara akiisoma hajioni ndani yake. Mkono wake ukivimba anadhani amefeli mtihani, anaacha. Mtu wa kumwambia "nenda kapige eksirei" anaweza kuokoa safari nzima.

Je, kulikuwa na haja ya usumbufu wote huo? Jibu lilikuwa Kigoma, na nilikuwa nimelisoma muda mrefu bila kulihusisha na mimi. Mwaka 1966 polio ilizuka kwa watu wa eneo la Kigoma, na muda si mrefu sokwe wa Gombe wakaanza kupooza. Baadhi walikufa. Yule dume mzee ambaye watafiti walimwita McGregor alipoteza nguvu za miguu, akawa anajikokota kwa mikono. Goodall na wenzake waliagiza chanjo, wakaiweka ndani ya ndizi, wakawapa sokwe waliobaki. Hata mafua tu yanatosha. Mwaka 2013, katika msitu wa Kibale nchini Uganda, kundi moja la sokwe 56 liliingiwa na virusi vya mafua ambavyo mtoto wa shule huvipiga chafya na kuendelea na masomo. Watano walikufa. Sokwe wana damu na mapafu yanayofanana mno na yetu, na hawana kinga ambazo sisi tumezijenga kwa karne nyingi za kuambukizana.

Goodall mwenyewe aliishi muda mrefu wa kutosha kuyaona hayo, na Gombe ya leo haina mkono wa mtu unaomgusa sokwe. Ndiyo maana naumia picha ile inapozunguka bila maelezo. Ni picha ya wakati ambapo hakuna aliyejua. Anayeiiga leo anajua, au ana wajibu wa kujua.

Nyumbani Tabora, mambo yalikuwa mengine. Baba alikuwa mstaafu wa reli, mtu wa hesabu na wa maneno machache. Aliita kikao. Nilikuwa nimepata sehemu ya nauli, lakini chanjo, bima, chakula na posho vilihitaji michango ya ukoo, na katika ukoo wetu michango ilikuwa ya harusi, misiba na ada.

"Unakwenda kufanya kazi ya bure kwa watu wasiokujua," Baba alisema, "na sisi tukulipie ukafanye hiyo kazi ya bure. Nieleze vizuri, nikaweze kuwaeleza wenzangu."

Kabla sijajibu, shangazi yangu akauliza kutoka mlangoni, "Kwani huko Kenya hawana vijana wao?"

Kikao kizima kiligeuka kunitazama. Nilikuwa nimesoma ikolojia, takwimu, tabia za wanyama. Hakuna mhadhiri aliyewahi kuniuliza swali zito kuliko lile la shangazi. Sikulijibu siku hiyo. Niliomba muda, nikaandikia kituo nikiuliza: wakati hakuna wa kujitolea, kazi hii hufanywa na nani? Walijibu kwamba kuna watunzaji walioajiriwa kwa kudumu, wengi kutoka vijiji vya jirani, na kwamba mtu wa kujitolea humsaidia mtunzaji kuandaa chakula, kusafisha, kuandika kumbukumbu; mtunzaji hubaki palepale volontia anapoondoka. Nililipeleka jibu hilo nyumbani, nalo ndilo lililofungua mifuko. Shangazi mwenyewe alitoa wa kwanza.

Swali lile sasa nalitumia kama mzani. Liweke mbele ya shamba la simba na uone. Nani humnywesha mtoto wa simba maziwa wakati hakuna mwanafunzi aliyelipa? Mama yake. Watoto wale huondolewa kwa mama wakiwa wachanga, mara nyingi wakiwa na siku chache tu, ili yeye arudi kwenye joto na azae tena upesi, na ili wao wazoee mikono ya watu. Wageni huambiwa ni yatima, kwamba watarudishwa porini wakikua. Simba aliyelelewa kwa chupa na kupigwa picha na wageni kila siku hawezi kurudishwa porini. Hamwogopi binadamu, na hakufundishwa kuwinda. Akikua kiasi cha kutisha huhamishiwa kwenye kutembezwa na watalii, na baada ya hapo wengi wameishia kupigwa risasi na wawindaji waliolipa, ndani ya uzio ambao hawawezi kuutoroka, na mifupa kuuzwa Asia. Filamu ya Blood Lions ya mwaka 2015 iliyaanika hayo mbele ya dunia, na ndani yake wamo vijana waliokwenda kujitolea kwa moyo mweupe. Mei 2021 aliyekuwa Waziri wa Mazingira wa Afrika Kusini, Barbara Creecy, alipokea na kutangaza mapendekezo ya jopo la wataalamu kwamba ufugaji wa simba kibiashara ukomeshwe. Utekelezaji umekwenda polepole. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni simba kati ya 8,000 na 12,000 walio kwenye mashamba hayo, wengi kuliko walio huru nchini humo.

Kwa hiyo kazi ile ya kunywesha maziwa imebuniwa kwa ajili ya volontia. Asipokuja, haipo, na mtoto yuko kwa mama yake. Nilipomweleza hivyo mwanafunzi wangu alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Lakini wao wanasema wanaokoa." Nikamwambia kwamba ndiyo, na kwamba ndiyo sababu maandalizi ya safari kama hii ni lazima yaanze kwa maswali ya mtu mzima asiyeogopa kuonekana mkorofi.

Safari yenyewe sitaisimulia sana. Basi hadi Arusha, kisha Namanga, ambako walikikagua kijitabu changu cha njano kwa makini kuliko pasipoti. Nairobi, kisha matatu kupita Karatina hadi Nanyuki. Nilikuwa nimenunua sweta mbili za mtumba Morogoro huku wenzangu wakishangaa, kwa kuwa mstari wa ikweta unapita pale Nanyuki na wao waliamini ikweta ni joto. Mji uko chini ya Mlima Kenya, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai zina baridi inayouma vidole. Sweta zile zilinisaidia kuliko kitu kingine chochote nilichobeba.

Siku za kwanza sikukaribia sokwe. Nilifundishwa kunawa mikono, kuchovya buti kwenye dawa, kuvaa barakoa na glavu, na kusimama mbali na nondo za mahali wanapolala, umbali ambao mkono wa sokwe hauwezi kuufikia. Mtunzaji mmoja, mzee mwenyeji wa huko, alinyoosha mkono wake kisha akanionyesha kwa fimbo mkono wa sokwe unaishia wapi. Ni mrefu kupita unavyodhani. "Hapa hakuna sokwe mbaya, binti," aliniambia. "Kuna sokwe mwenye nguvu, na mtu aliyesimama mahali pasipo pake." Miaka miwili baadaye, Juni 2012, nilisoma habari za mwanafunzi wa Marekani aliyevuka kizuizi cha usalama kwenye kituo kimoja cha sokwe Afrika Kusini. Aliumizwa vibaya mno, akanusurika. Nilimkumbuka mzee na fimbo yake.

Kazi yangu ilikuwa jikoni. Viazi vitamu, karoti, kabichi, machungwa, ndizi. Kuosha, kukata, kupima, kuandika nani amekula nini. Niliona jinsi watunzaji walivyojua, kwa kutazama namna sokwe anavyopokea karoti, kwamba kesho atakuwa mgonjwa. Ujuzi huo hauji kwa wiki chache, na hakuna volontia anayeupata. Nilichoweza mimi ni kuwapunguzia kazi ya visu na ndoo ili macho yao yabaki kwa wanyama. Nilipolielewa hilo nilianza kuifanya kazi ya jikoni kwa heshima.

Huko nilimwona Poco. Kila aliyefika Sweetwaters miaka ile anamkumbuka. Alipokuwa mdogo, Bujumbura, alifungiwa kwenye kizimba chembamba kilichoning'inizwa kwenye gereji ili kuvutia wateja. Alikaa humo miaka tisa. Nafasi haikumruhusu kutambaa wala kujinyoosha upande, kwa hiyo alijizoeza kusimama, na hata baada ya kuokolewa na kupewa eneo kubwa lenye miti aliendelea kutembea wima kwa miguu miwili, kama mtu. Wageni walipomwona walicheka na kushangilia, wakatoa kamera. Mzee mtunzaji hakuwakataza. Alisubiri watulie, akawasimulia kizimba. Kisha wote walimtazama Poco kwa namna nyingine kabisa.

Nilijifunza kwake kitu ambacho hakuna fomu iliyokitaja: mwili wa mnyama hubeba kumbukumbu ya watu waliotaka kumtazama. Wale wateja wa gereji hawakuwa watu wabaya. Walisimama, wakafurahi, wakanunua mafuta. Furaha yao ndiyo iliyomweka humo kwa miaka tisa.

Katikati ya kukaa kwangu nilipata mafua. Mafua ya kawaida, ya baridi ya asubuhi. Nilitoa taarifa, nikaondolewa jikoni saa ile ile, maana hata chakula chao sikuruhusiwa kukishika. Nilipelekwa ofisini kupanga kumbukumbu za zamani, na nilikaa huko hadi dalili zote zilipokwisha na siku kadhaa zaidi juu yake. Nilikuwa nimesubiri miezi, ukoo umechanga, na nilikuwa nahesabu siku zilizobaki. Nililia kidogo, sioni aibu kusema. Lakini ndani ya mafaili yale nilikutana na maisha ya sokwe mmoja mmoja tangu siku walipofika: uzito, majeraha, nani alimkubali nani kwenye kundi, ilichukua muda gani mpaka yule aliyefika akijing'ata mikono aache. Siku zile za ofisini ndizo zilizonifanya mwalimu wa biolojia. Na zilinionyesha kwamba mtu anayejiandaa kwenda kwa wanyama ajiandae pia kuwekwa kando, bila kununa, inapobidi, kwa sababu pengine hilo ndilo jambo la manufaa zaidi atakalowafanyia.

Tulikuwa na mwanafunzi mmoja kutoka Ulaya, mpole, mchapakazi. Jioni moja alituonyesha picha za likizo yake ya mwaka uliotangulia: yeye na mtoto wa simba, Afrika Kusini. Alimtaja kwa jina. Watunzaji walitazama picha kwa adabu, wakamrudishia. Mmoja akamuuliza taratibu, "Sasa hivi yuko wapi?" Hakujua. Aliwaandikia wenye shamba usiku ule akiuliza, na kwa muda wote tuliobaki pamoja hakupata jibu. Sikuona mtu akimlaumu, wala mimi simlaumu. Alikuwa na miaka 19 na alilipa kwa fedha alizozitafuta mwenyewe. Lawama iko kwa aliyemuuzia. Lakini uso wake alipokuwa akifungua simu kila asubuhi kutafuta jibu ndio unaonisukuma kuwauliza vijana maswali magumu kabla hawajalipa, wakati bado yanaweza kusaidia.

Niliporudi nyumbani waliniomba picha. Nilikuwa na picha za ndoo, rundo la kabichi, Mlima Kenya alfajiri, na sokwe kwa mbali ng'ambo ya uzio. Walivunjika moyo, hasa wadogo zangu. Siku hizi shinikizo ni kubwa mara mia, kwa kuwa kijana anapojitolea anatarajiwa kuonyesha. Muungano wa kimataifa wa uhifadhi, IUCN, ulitoa mwongozo mwaka 2021 kuhusu picha za jamii ya nyani na sokwe: watu wasionekane wakiwashika wala kuwalisha, waonekane kwa umbali wa angalau mita 7, wakiwa na barakoa. Sababu ni kwamba anayeona sokwe mikononi mwa mtu huanza kuamini kwamba sokwe hufaa kufugwa nyumbani. Na ili mtoto mmoja wa sokwe afike sokoni, mama yake huuawa, mara nyingi pamoja na wengine waliojaribu kumtetea. Volontia mwenye moyo safi, akipiga picha amempakata, anamfanyia muuzaji tangazo la bure.

Mwanafunzi wangu aliwaandikia wenye shamba la simba akauliza tuliyoyapanga pamoja: mama wa watoto hawa yuko wapi, waliokuwa watoto miaka mitatu iliyopita wako wapi leo, nani hufanya kazi hii pasipokuwa na wageni. Walimjibu haraka, kwa ukarimu, wakampunguzia bei. Maswali hawakuyagusa. Aliifunga fomu ile mwenyewe, mimi sikumwamuru.

Sasa ameomba nafasi kwenye kituo kingine, chenye fomu ndefu inayochosha, na tumefurahi wote wawili kwa urefu wake. Yeye ana unafuu ambao mimi sikuwa nao. Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B kwenye chanjo za watoto mwaka 2002, naye kazaliwa baada ya hapo. Mama yake alikuwa ameitunza kadi ya kliniki pamoja na cheti cha kuzaliwa, na sindano zote zimo, na tarehe zake. Vijana wengine niliowauliza kadi zao zilipotea zamani, au hawajui kama ziliwahi kuwapo. Hao wataanza upya, kwa gharama zao, kwa miezi ile ile sita.

Gharama hizo ndizo ninazozipigania kwa sasa. Chanjo, eksirei, barua ya daktari na bima vinaweza kuzidi nauli ya basi hadi Nairobi, na matokeo yake ni kwamba vituo vyenye masharti mazuri hubaki kwa vijana wa mbali wenye uwezo, huku wa kwetu wakivutwa na mashamba yasiyouliza kitu. Tunakubali sote kwamba mwanafunzi wa udaktari achanjwe kabla ya kushika wagonjwa. Mwanafunzi wa wanyamapori, ambaye kesho atakuwa askari wa hifadhi Mahale au mtafiti Gombe, naye atapumua hewa moja na viumbe wanaoweza kufa kwa mafua yake. Vyuo vinavyofundisha fani hii vingeweza kukagua kadi za chanjo na kupima kifua kikuu siku ya kujiandikisha mwaka wa kwanza, na kukamilisha sindano zinazokosekana kabla ya mafunzo ya kwanza ya porini. Kijana angemaliza chuo akiwa na cheti kimoja cha afya kinachokubalika Laikipia, Entebbe au Bukavu. Nimelipeleka pendekezo hilo kwa mkuu wa idara mmoja ninayemfahamu. Ameniomba nimpe bei ya kila chanjo na kila kipimo kwa mwanafunzi mmoja, ili aweze kuliombea fedha kabla wapya hawajaingia Oktoba.